Moyo Ukikauka na Maombi Yakagonga Bati: Mwongozo wa Siku 90

Mwezi huu peke yake watu watano wamenisimamisha nje ya kanisa, ibada ikiwa imeisha, wakanieleza jambo lile lile. Naomba, sisikii kitu. Nasoma Neno, ni kama nasoma risiti ya umeme. Zamani nilikuwa nalia wakati wa sifa, siku hizi naangalia saa. Na wote watano walikuwa wameshajaribu kujitibu, tena kwa dawa moja, ikawashinda.

Dawa yenyewe mnaijua. Mtu anaona amekauka, anaogopa, anaapa. Kuanzia Jumatatu nafunga siku 21, naamka saa tisa usiku, nasoma sura kumi kwa siku. Jumatatu anaweza. Jumanne anaweza. Alhamisi amesinzia juu ya Mambo ya Walawi, Jumamosi ameacha, na Jumapili anarudi kanisani akiwa mkavu kuliko alivyoanza, tena kabeba hatia ya nadhiri iliyovunjika.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Mimi si mchungaji wala padre. Ni mzee wa jumuiya hapa Moshi, na nimewahi kukaa ndani ya ukame huu mwaka mmoja na nusu huku naimba besi kila Jumapili bila wanakwaya wenzangu kujua. Najua wanaonisoma ni mchanganyiko wa Walutheri, Wakatoliki na walokole, kwa hiyo pale tunapotofautiana nitasema.

Jambo moja kabla hatujaanza: hakuna hatua hapa inayoleta maji. Zote ni za kuweka njia ya maji wazi. Ukizifanya huku unangojea kusisimka siku ya tatu, utakwama pale pale.

## Utakachohitaji

Biblia ya karatasi. Ya kwenye simu ni nzuri ukiwa ndani ya daladala, lakini alfajiri simu itakuletea ujumbe wa deni la vikoba kabla hujafika Zaburi.

Daftari la mwanafunzi na kalamu. Kalamu ifunge kwa uzi kwenye daftari. Nimeshapoteza asubuhi nyingi nikitafuta kalamu.

Kalenda ya ukutani. Ile ya parokia au usharika inatosha, hata ya duka la pembejeo.

Saa ya mezani yenye kengele. Ukikosa, simu ilale chumba kingine, ilie huko huko uifuate.

Kiti. Kitandani utalala.

Mtu mmoja. Nitaeleza namna ya kumpata kwenye hatua ya 6.

Siku 90. Wiki moja haitoshi kukuonyesha chochote, na ukijipa muda usio na mwisho utakata tamaa.

Usichohitaji ni mafuta, chumvi, maji ya chupa wala sadaka ya kufungua. Nasema kwa uchungu kidogo. Mimi nilishauza mbuzi wawili nikapeleka fedha kwa mtumishi mmoja aliyeniambia mbingu yangu imefungwa. Mbuzi walikwenda, ukame ukabaki.

## Hatua ya 1: Jua ni ukavu gani

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo tutakaa kidogo. Si kila ukavu ni ukame wa kiroho. Pitia maswali haya manne kwa mpangilio wake, usiruke.

Mwili wako ukoje? Eliya alipokimbia jangwani akaomba afe, Mungu hakumhubiria. Soma 1 Wafalme 19. Alilala chini ya mretemu, malaika akamgusa, akakuta mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Akaamshwa akala mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye sana, akiwa Horebu. Mama anayenyonyesha mtoto wa miezi minne usiku kucha hana ukame wa kiroho, ana usingizi. Ukichoka bila sababu kwa wiki kadhaa, kapime damu na sukari kabla ya kumsingizia shetani.

Je, ni sonona? Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, huzuni haikuachii, hulali au unalala kupita kiasi, chakula hakipiti, unajiona huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika hospitalini. Ukiwa hapa mjini, nenda Mawenzi au KCMC ukaulize huduma ya afya ya akili. Na kama mawazo ya kujidhuru yanakujia, weka mwongozo huu chini sasa hivi, umwambie mtu wa karibu akupeleke leo. Kumeza dawa na kuomba havigombani. Aliyekwambia vinagombana alikukosea.

Kuna dhambi unayoijua kwa jina? Zaburi ya 32 inamwonyesha mtu aliyenyamaza na kosa lake mpaka akawa "kama nchi kavu wakati wa kaskazi". Aliyewahi kutembea Pasua mwezi wa pili, vumbi limejaa kwenye meno, anaijua hiyo nchi. Ukiwa na jambo la namna hiyo, dawa yake si uvumilivu. Katubu, rudisha hela ya watu, kata uhusiano ule. Mkatoliki aende kitubio; Mlutheri anaweza kumwomba mchungaji wake amsikilize faraghani. Na kama ni ndugu yako ambaye hamsemezani kwa sababu ya mpaka wa kihamba, lile shamba la migomba la ukoo, basi wewe ni Mchagga, huhitaji kufundishwa. Lile jani la sale, mmea uliopandwa kuonyesha mpaka, ndilo mtu anachuma akaenda nalo kuomba msamaha. Lichume.

Je, umekauka au umepoa? Hili ni swali gumu kuliko yote, na aliyelijibu vizuri zaidi kwa maoni yangu ni Yohane wa Msalaba, mtawa Mhispania aliyefungwa na watawa wenzake kule Toledo mwaka 1577 mpaka alipotoroka mwaka 1578. Alitoa dalili tatu. Kwanza, hupati utamu katika mambo ya Mungu, lakini huupati hata kwingine. Sherehe, mpira, pesa, vyote vimekuwa majivu. Pili, unahangaika kwamba humtumikii Mungu ipasavyo, na jambo hilo linakuuma. Tatu, huwezi tena kutafakari kama ulivyozoea hata ukijilazimisha.

Aliyepoa hahangaiki. Amekosa jumuiya miezi mitatu na analala vizuri. Ukiona unauliza kwa uchungu "Mungu yuko wapi?", hilo swali lenyewe ni la mtu mwenye kiu, na maiti haisikii kiu.

*Hatua hii imekamilika ukiweza kuandika ukurasa wa kwanza wa daftari sentensi moja ya kweli:* "Nimechoka na nina huzuni tangu msiba wa Agosti," au "Niko mzima, sina ninachoficha, lakini Mungu amenyamaza." Sentensi ya pili ndiyo ya kuendelea nayo. Ya kwanza nayo iendelee, lakini usingizi na chakula vitangulie.

## Hatua ya 2: Usihame, usijiuzulu, usiape

Kwa siku 90 hakuna uamuzi mkubwa. Hubadilishi kanisa. Huachi kwaya. Huvunji uchumba kwa kuwa "sina amani". Wala huweki nadhiri mpya.

Sababu yake ni kwamba ukame unadanganya kwa lugha ya busara. Haukuambii "mwache Mungu". Unakuambia "hapa hakuna uwepo, kule ng'ambo ya barabara kuna moto." Ignasi wa Loyola, askari aliyevunjwa mguu na mzinga mwaka 1521 akageukia mambo ya Mungu akiwa kitandani, aliwafundisha watu wake kwamba wakati wa ukiwa wa moyo mtu asibadilishe alichokiamua alipokuwa na utulivu. Nimewaona waliohama makanisa matatu ndani ya mwaka mmoja. Kila mahali waliona maji kwa wiki sita.

Tahadhari: kanuni hii haimhusu mtu anayeumizwa. Kama nyumbani unapigwa, au kiongozi wa kanisa anakudhulumu au kukunyonya fedha, ondoka. Hapo unaokoa uhai wako, na siku 90 hazihusiki.

## Hatua ya 3: Punguza mpaka ubaki na unachoweza kubeba kila siku

Dakika 12. Sikukosea. Kwa mtu aliyezoea kesha itaonekana ni dharau, lakini nisikilize.

Teresa wa Avila, aliyefariki mwaka 1582, alifananisha maombi na kumwagilia bustani kwa njia nne: unateka kisimani kwa ndoo, au unatumia gurudumu la kuvutia maji, au maji yanaingia yenyewe kutoka mto au kijito, au mvua inanyesha. Ulipookoka, au baada ya kipaimara, au kwenye ule mkutano mkubwa, ilikuwa mvua. Bustani ililoa wewe ukiwa umekaa. Sasa uko kwenye ndoo, na anayeteka kwa ndoo hutazama nguvu ya mkono wake. Anayejaza pipa la lita mia mbili kichwani hafiki nyumbani.

Teresa hakuficha kwamba kuna siku ndoo inapanda tupu. Kisima chenyewe kimekauka, na mtunza bustani anafanya sehemu yake tu.

Chagua saa moja isiyobadilika. Mimi ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla nyumba haijaamka na kabla bodaboda hazijaanza. Wengine wanapenda usiku. Sibishani nao, ingawa sijaona wengi wakidumu.

Dakika zenyewe zinakwenda hivi. Kaa kitini, miguu yote miwili sakafuni. Sema kwa sauti, "Bwana, nimekuja." Usiongeze. Usiseme "najisikia" chochote. Dakika ya kwanza imeisha.

Kuanzia ya pili hadi ya sita, soma Zaburi ya siku hiyo kwa sauti, mara mbili, polepole. Sauti iwe ya kutosha masikio yako bila kuamsha watoto. Mdomo ukisoma, akili inapata kitu cha kushikilia.

Ya saba na ya nane, nyamaza. Akili itakimbilia ada ya shule, itakimbilia yule fundi aliyekula hela ya milango. Usigombane nayo. Irudishe kwa mstari mmoja kutoka Zaburi, kama unavyorudisha kuku bandani, bila fujo.

Ya tisa na ya kumi, waombee watu wawili kwa majina yao. Wawe watu, isiwe "wagonjwa wote". Ukame unamfanya mtu ajitazame kutwa nzima kama mwenye chunusi na kioo, na majina ya watu yanakutoa hapo.

Ya kumi na moja, Baba Yetu. Ya kumi na mbili, simama, weka alama ya X kwenye kalenda.

Hapa kuna ujanja mmoja tena wa Ignasi, na kwangu umefanya kazi kuliko mahubiri mengi: siku ambayo dakika ya tisa unatamani kukimbia, kaa kidogo kupita muda uliopanga. Ukipanga 12, kaa 13. Baada ya wiki chache, ile hamu ya kukimbia inakosa nguvu kwa sababu haijawahi kukupunguzia hata dakika.

*Mafanikio ya hatua hii yanaonekana ukutani tu.* Alama sita kati ya saba kwa wiki ni kazi nzuri sana. Kama ulihisi kitu au hukuhisi, kalenda haina nafasi ya kuandika hilo, na nimeichagua kwa sababu hiyo.

## Hatua ya 4: Omba kwa maneno ya waliokutangulia

Usitunge maombi sasa. Ukikauka, maneno yako yanakuwa aidha ya uongo au ya kujilaumu. Azima. Karibu theluthi ya Zaburi ni maombolezo, na huwa nashangaa tunavyoyaruka kanisani kwenda kutafuta ya shangwe.

Ratiba ya wiki, irudie kwa siku zote 90:

Jumatatu, Zaburi 13. Aya sita tu, na "hata lini" mara nne mwanzoni.
Jumanne, 42. Jumatano, 43. Zisome kama shairi moja, maana kibwagizo ni kimoja: mtu anaiuliza nafsi yake kwa nini imeinama.
Alhamisi, 63, ya "nchi kame na uchovu, isiyo na maji".
Ijumaa, 88.
Jumamosi, 130.
Jumapili, 77, jioni.

Nataka kusema kitu kuhusu ya Ijumaa. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni, mtu akamaliza kwa sifa. Ya 88 haigeuki. Inaishia gizani, wapenzi na marafiki wametengwa mbali. Mara ya kwanza nilipoisoma mpaka mwisho nilifungua ukurasa wa pili kutafuta faraja, nikakuta Zaburi ya 89. Niliikasirikia. Wiki ya nne hivi nikaona jambo: aliyeiandika anasema kwamba hana jibu lolote, na bado anasema *na Mungu*, kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Watu waliokusanya kitabu hiki wakaiacha humo, waisome waamini wote. Nikatulia. Kwa hiyo Ijumaa usikimbilie kuongeza "haleluya" yako mwishoni. Iache ilivyo, mpaka kesho.

Kwa Wakatoliki: mkiwa na Masifu ya Asubuhi au Rozari, endeleeni nayo, lakini ihesabieni ndani ya dakika zenu. Walokole wa kunena kwa lugha, neneni kama inakuja, isipokuja msiilazimishe. Warumi 8:26 inataja kuugua kusikoweza kutamkwa, na hakuna aliyesema kuugua huko kuwe na sauti.

## Hatua ya 5: Mistari mitatu kwenye daftari

Usiku kabla ya kulala, tarehe na mistari mitatu. Kitu kimoja kilichouma. Kitu kimoja ulichopewa bila kukiomba, hata kama ni parachichi la jirani. Neno moja lililobaki kutoka asubuhi, au andika "hakuna". Usiandike zaidi ya hapo na usirudi kusoma mpaka siku ya 30.

## Hatua ya 6: Mtafute mtu mmoja

Mmoja. Usiliweke kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, maana utapata mikono ya maombi arobaini na mistari ya Biblia isiyokuhusu, na kesho sokoni Mbuyuni utaulizwa "umeshapona?"

Tafuta mtu aliyewahi kupita msiba au muda mrefu wa kungoja, asiyeshangaa haraka, na asiyeuza kitu. Mara nyingi ni mtu mzima kuliko wewe. Usitafute anayeng'aa sana mimbarini. Na usimpelekee hotuba. Sentensi moja inatosha.

Mimi nilikwenda kwa mama mmoja mzee wa mtaani kwetu, mjane. Alikuwa kibarazani anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Mbona na jua lote hili?"

"Mama, nimekuja na jambo. Naomba, sisikii kitu. Huu mwezi wa tano."

Hakuacha kuchambua. Alitoa jiwe moja, akalitupa uani.

"Na bado unaomba?"

"Naomba, ila ni mdomo tu."

"Mdomo nao ni wako." Akanyamaza tena. "Mimi baba yenu alipofariki nilikaa miaka mitatu hivyo. Nilikuwa nasema Baba Yetu peke yake, mengine yote yalikimbia. Wewe njoo Jumamosi, tutaisema wawili."

Nilienda Jumamosi, na iliyofuata. Hakunishauri chochote. Tulisema Baba Yetu, tukanywa chai, nikaondoka. Kama mtu uliyemwendea anaanza kukutafutia laana ya ukoo ndani ya dakika tano za kwanza, shukuru, maliza chai, utafute mwingine.

*Hatua imekamilika* ukiwa na mtu mmoja anayejua, na siku moja kwa wiki au kwa wiki mbili mnayoonana ana kwa ana.

## Hatua ya 7: Nenda kanisani ukiwa mkavu hivyo hivyo

Kila mhubiri wa Moshi ana mfano wa Kilimanjaro kufunikwa na mawingu huku upo. Ni mfano mzuri, nimeusikia mara mia, nitauacha. Mimi nitawapeleka kwenye mfereji.

Waliokulia migombani wanaujua mfongo. Maji yanachukuliwa mtoni huko juu, yanateremka kwa mfereji uliochimbwa na babu zetu, yanapita kihamba hadi kihamba, kila mtu na zamu yake. Siku ya kusafisha mfereji wa kwetu Uru, wazee walifunga maji kule juu kwanza. Hakuna anayechota tope maji yakiwa yanakwenda kasi. Tulishuka na majembe kwenye mfereji mkavu, watu wa mitaa yote, hata ambao zamu yao ya maji ilikuwa bado siku nyingi. Tukatoa mchanga, majani, magamba ya mgomba, na siku moja gurudumu zima la baiskeli. Ambaye hakufika alitozwa faini. Jioni wengi tulirudi nyumbani bila kuona hata tone.

Kwenye ukame, kanisa kwako ni siku ya majembe. Unaenda kwa kuwa mfereji ni wa watu wote. Wakati wa wimbo, kama huwezi kuimba, simama uwaache wengine waimbe juu yako. Kwenye Imani ya Mitume, sema "nasadiki" kwa imani ya safu yako nzima kama yako imepungua. Yule baba wa Marko 9:24 alisema anaamini na papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake, na mtoto wake aliponywa hivyo hivyo.

Meza ya Bwana usiiache kwa sababu ya ukavu. Kama kanisa lako halikuzuii, nenda. Mkate hauhitaji uwe na hamu ndipo uwe chakula.

Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, usijifanye. Kuinua mikono na kulia kwa kuigiza kunakausha zaidi kuliko kukaa kimya. La pili, kama unahubiri au unaongoza ibada, mwombe mzee wa kanisa au paroko akupunguzie zamu. Kupunguziwa si kujiuzulu, kwa hiyo hujavunja hatua ya 2. Mimi niliendelea kuimba besi kwa sababu besi haionekani. Kama ningekuwa mwimbishaji ningeomba kukaa pembeni.

## Hatua ya 8: Mpe mwili kazi ya mtu mwingine

Fupi. Mara moja kwa wiki, kazi ya mikono isiyo na maiki. Osha vikombe baada ya ibada. Kampelekee uji mgonjwa asiye na ndugu. Mlimie mjane mstari mmoja. Usiitangaze na usiipige picha. Ichague iwe ndogo, maana ukame unapenda kukusukuma kwenye huduma kubwa ili usikae peke yako zile dakika 12.

Tembea pia. Nusu saa jioni, bila simu. Nilizoea barabara ya Rau kuelekea kwenye mashamba ya mpunga, na sina maelezo ya kitheolojia kwa nini ilinisaidia.

## Hatua ya 9: Hesabu siku ya 30, ya 60 na ya 90

Fungua daftari na uitazame kalenda. Jiulize matatu tu. Alama ni ngapi? Kati ya vile vitu ulivyopewa bila kuomba, kuna kinachojirudia? Watu wa karibu wanakuonaje, umekuwa mkali zaidi nyumbani au umepungua? Hili la tatu muulize mwenzi wako au mtu wa hatua ya 6, usijijibu.

Wengi wanategemea mwisho wa ukame uje kwa kishindo. Mara nyingi hauji hivyo. Kwangu ulikuja siku nikiwa nafunga kamba za viatu, nikagundua nimekuwa nikiirudia Zaburi ya 130 kichwani tangu niamke, ile ya walinzi wanaongojea asubuhi, na sikuwa nimejilazimisha. Basi. Hakuna machozi. Nilikwenda kazini.

Dalili nyingine ni hizi: unakuwa mpole kwa walio wakavu, hutegemei tena wimbo fulani au mhubiri fulani ili uombe, unaweza kukaa kimya bila hofu.

Na kama siku ya 90 imefika na bado ni kaskazi? Anza 90 nyingine, dakika zile zile, na sasa umwone mchungaji, padre au mlezi wa kiroho kwa mazungumzo marefu. Rudia pia maswali ya hatua ya 1, hasa la sonona. Sitakuficha kwamba kwa wengine huwa ni miaka. Barua za Mama Teresa wa Kolkata zilipochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, dunia ilishangaa kukuta kwamba alikaa karibu nusu karne bila kumhisi Mungu aliyekuwa akimtumikia kwa wale maskini. Alfajiri aliamka akaomba, mchana akaosha vidonda. Sitaki kukutisha kwa habari hiyo. Mimi ilinipa nafuu, maana nilikuwa nimeshaanza kuhesabu miezi kana kwamba ni daraja la mtihani.

## Ukivunja mnyororo

Utauvunja. Utasafiri kwenda Dar, mtoto ataumwa, au utaamka tu ukasema leo hapana. Nafasi tatu tupu kwenye kalenda, kisha aibu, na ile aibu ndiyo inayozaa nadhiri mpya ya siku 21 za kufunga.

Usilipe deni. Usisome Zaburi tatu kufidia siku tatu, wala usiongeze dakika. Acha zile nafasi zibaki tupu, usizichore X ya uongo. Weka saa, weka kalamu mahali pake, na kama kesho ni Jumatano, fungua Zaburi ya 43.